Maswali ya wasomaji: jina la babu halimo daftarini

Barua nyingi tulizopokea zinafanana: msomaji amekwenda ofisi moja, ameambiwa hakuna kumbukumbu, akarudi nyumbani akaamini kwamba ukoo wake umefutika. Tumechagua barua sita. Nyingine ni ndefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu.

Babu alizaliwa Muheza, wazee wanasema "mwaka wa nzige". Nimeomba RITA, wakala wa usajili wa Tanzania, wanitafutie cheti chake cha kuzaliwa, wakanijibu kwamba hakipo. Je, kilipotea? — Msomaji, Tanga

Yaelekea hakikupotea, ndugu yetu. Hakikuandikwa kabisa. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo ilikuwapo Tanganyika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920, lakini ulazima wake uliwahusu kwanza Wazungu na Waasia. Mtoto wa Kiafrika aliyezaliwa kijijini hakuwa na mtu wa kumsajili wala ofisi iliyomtaka asajiliwe. Hata Kenya, usajili ulifika nchi nzima kwa lazima mwaka 1971 tu. Kwa hiyo ukitafuta cheti cha kuzaliwa cha mtu wa miaka ya 1930, unatafuta karatasi ambayo serikali haikuitengeneza.

Swali la kuuliza ni hili: enzi za uhai wake, nani alikuwa na sababu ya kuandika jina la babu yako? Muheza ina majibu mengi. Kama familia ilikuwa ya Kianglikana, misheni ya Magila iko pale pale, na vitabu vyake vya ubatizo ni vya kale kuliko ofisi yoyote ya serikali ya wilaya. Kama walikuwa Waislamu, kuzaliwa hakukuandikwa, lakini ndoa, talaka na mirathi huenda viliandikwa kwa kadhi au liwali. Kama babu alisoma, shule ina daftari la uandikishaji lenye namba ya mwanafunzi, tarehe aliyoingia na jina la mzazi. Uliza kwanza jina la zamani la shule, maana shule nyingi za misheni zilibadilishwa majina baada ya kutaifishwa.

Kisha kuna mkonge. Kama wazazi wake walitoka mbali, tuseme Kigoma, Songea au Njombe, huenda waliletwa kama manamba, yaani vibarua wa mkataba. Kuanzia mwaka 1944 kazi ya kuandikisha vibarua hao ilisimamiwa na SILABU, ofisi ya kuajiri vibarua wa mkonge, na kila mtu alipewa namba, akaandikiwa kabila, wilaya na jumbe wake. Mwenyeji wa Muheza aliyekwenda shambani kwa kipande (kadi ya kazi) cha siku 30 hakupita huko, kwa hiyo usipoteze muda na SILABU kama ukoo wenu ni Wabondei wa hapo hapo.

Fungueni pia masanduku ya nyumbani kabla ya kupanda basi. Stakabadhi ya kodi, kadi ya TANU, kadi ya kliniki ya mtoto wa kwanza, barua ya mwajiri: hizo ndizo nyaraka za Mtanganyika wa kawaida. Daftari za kodi zenyewe mara nyingi hazikuhifadhiwa, lakini stakabadhi hubaki miaka mingi ndani ya msahafu au Biblia.

Kuhusu "mwaka wa nzige", uchukulie kwa uzito, lakini si peke yake. Makundi ya nzige yalivamia Afrika Mashariki kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930, na yalirudi mara kadhaa, kwa hiyo huo si mwaka mmoja. Mbane kwa matukio mengine: alikuwa ametahiriwa vita vya Hitler vilipoanza mwaka 1939? Alikuwa na mtoto vilipokwisha mwaka 1945? Nani alimtangulia kuzaliwa na nani alimfuata? Ukipata nafasi yake kati ya ndugu wawili wenye tarehe za ubatizo, umempata ndani ya miaka miwili au mitatu. Kwa wakubwa zaidi tumia Maji Maji (1905 hadi 1907), homa kubwa ya 1918 na 1919, na kwa Wagogo njaa ya Mtunya iliyokuja mwishoni mwa vita vya kwanza vya dunia. Uliza matukio kwanza, umri baadaye. Ukianza na "alikuwa na miaka mingapi?" utapewa namba ya kukuridhisha.

Ukikuta tarehe ya kuzaliwa 1 Januari au 1 Julai kwenye karatasi ya zamani, jua kwamba karani alijaza nafasi. Umri wa mlipa kodi nao ulikadiriwa kwa macho.

Kitabu cha ubatizo cha parokia yetu kimeliwa na mchwa, kurasa za miaka ya 1930 zimekwisha. Bibi alibatizwa humo. Ndiyo basi? — Msomaji, Bukoba

Hapana. Kanisa Katoliki huandika sakramenti kwa namna ambayo jambo moja huacha alama zaidi ya mahali pamoja, na watu wengi hawajui hilo.

Tangu mwaka 1908 kanuni inataka ndoa inapofungwa, paroko aliyeifungisha apeleke taarifa kwenye parokia ya ubatizo, ikaandikwe pembeni mwa jina la mhusika. Ubavu huo wa ukurasa ndio hazina ya mtafiti: humo utakuta jina la mume au mke, tarehe, na parokia ya ndoa, pengine mkoa mwingine kabisa. Kwenu ubavu umeliwa pamoja na ukurasa. Basi geuzeni njia. Ili bibi afunge ndoa, alitakiwa kuonyesha cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni, na kwa kawaida cheti hicho kilibaki kwenye faili la ndoa la parokia alikoolewa. Nenda huko. Usiombe kitabu cha ndoa peke yake. Omba faili la matayarisho ya ndoa. Kitabu kitakupa mstari mmoja, faili linaweza kukupa nakala ya kile mchwa alichokula.

Kama hakuolewa kanisani, tazama kitabu cha kipaimara, ambacho hutaja mahali pa ubatizo, kisha vitabu vya ubatizo vya watoto wake. Halafu tazama kama bibi aliwahi kuwa mama wa ubatizo wa mtu mwingine, kwani jina lake litakuwa kwenye safu ya wasimamizi.

Vitabu vya zamani viliandikwa Kilatini. Maneno machache yanatosha: *natus* au *nata* ni kuzaliwa, *baptizatus* au *baptizata* kubatizwa, *filius* na *filia* mwana wa kiume na wa kike, *patrinus* na *matrina* wasimamizi, *defunctus* marehemu. Majina ya ubatizo nayo huwa ya Kilatini. Bibi mnayemwita Yoana, humo ni *Joanna*. Jina la nyumbani huandikwa pembeni au halipo kabisa, kwa hiyo ingia ukiwa na majina ya baba na mama yake.

Parokia za kwenu zilianzishwa na Wamisionari wa Afrika, wale wa kanzu nyeupe. Waliandika shajara za kila kituo, na nakala zilipelekwa makao makuu yao, ambayo nyaraka zake ziko Roma. Shajara haitachukua nafasi ya daftari, lakini hutaja makundi ya wabatizwa siku za Pasaka na Noeli, na wakati mwingine wakatekista kwa majina. Andika barua fupi ukitaja kituo na mwaka. Barua inayosema "natafuta ukoo wangu wa Bukoba" haijibiki.

Mama wa bibi yetu alikuwa mtumwa Unguja, akapata uhuru. Familia haipendi kulizungumza, lakini sisi wajukuu tunataka kujua alitoka wapi. Pa kuanzia ni wapi? — Wasomaji, Muscat

Tunashukuru kwa kuliuliza waziwazi. Anzeni na mwaka wa uhuru wake, kwa sababu njia aliyopitia ndiyo itakayoonyesha daftari liko wapi.

Kama aliachwa huru baada ya amri ya Sultani ya tarehe 6 Aprili 1897 iliyofuta utumwa kisheria, basi huenda alisimama mahakamani. Amri ile haikumfungulia kila mtu papo hapo: mtumwa alitakiwa kwenda kuomba uhuru, na bwana aliweza kudai fidia. Fidia ni fedha, na penye fedha pana karatasi. Masuria hawakuingizwa katika mpango ule hadi mwaka 1909, kwa hiyo kama alikuwa suria, msimtafute kwenye orodha za mwanzo. Suria aliyemzalia bwana wake huonekana zaidi kwenye mirathi ya bwana huyo, kwa sababu watoto wake ni warithi kamili kisheria na mama yao hutajwa.

Kama alikamatwa majini na manowari za Waingereza kabla ya hapo, alipewa cheti kwenye ubalozi mdogo wao Unguja na kukabidhiwa mahali: misheni ya Kianglikana ya UMCA huko Mbweni au Kiungani, Freretown karibu na Mombasa kuanzia miaka ya 1870, Bombay, au Shelisheli, ambako nyaraka za taifa zina madaftari ya watu hao.

Na kama bwana wake alimwacha huru mwenyewe kwa ajili ya Mungu, jambo lililotokea mara nyingi mtu akiwa mgonjwa, tafuteni wasia na wakfu. Wenye mashamba wengi wa Unguja na Pemba waliweka wakfu nyumba au mikarafuu kwa manufaa ya watumwa waliowaacha huru na kizazi chao, na hati hutaja majina. Ukijua jina la bwana, tafuta jina la bwana. Hilo linauma, tunajua, lakini katika madaftari haya yeye ndiye aliyeandikwa kwanza na bibi yenu yuko chini ya jina lake.

Nyaraka hizo nyingi ziko Kilimani, Unguja, kwenye nyaraka za taifa za Zanzibar: za ubalozi, za serikali ya Sultani, za mahakama, hati za mali, za kamisheni ya wakfu, na pia sehemu ya za UMCA. Mlioko Muscat mna faida nyingine, kwani mamlaka ya nyaraka ya Oman imekusanya hati za familia zilizohama, na jamaa wa huyo bwana huenda ni majirani zenu.

Sasa mitego. Hati za Kiarabu zina tarehe za Hijria. Kwa makadirio, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, kisha ongeza 622: mwaka 1315 unakupa 1897 na nusu, na kweli 1315 ulianza mwezi Juni 1897. Kwa tarehe kamili tumia jedwali, na kumbuka siku huanza magharibi, kwa hiyo kosa la siku moja ni la kawaida. Mzee akisema mfunguo sita, huo ni mwezi wa Maulidi, Rabiul Awal. Mfunguo mosi ni Shawwal.

Herufi za Kiarabu hazina p, v, g wala ch za Kiswahili, na waandishi wengi hawakutia irabu. Jina lenye p huonekana na b au f, lenye ng huonekana na ghaini. Andikeni mapema kila umbo linalowezekana la jina mnalotafuta, kwa herufi za Kiarabu, mumpe msomaji wa hati.

Safu ya kabila isomwe kwa tahadhari kubwa. "Mnyasa", "Myao" au "Mmanyema" mara nyingi ilieleza njia aliyopitishwa au soko alikouzwa, si kijiji alikozaliwa. "Mzalia" maana yake alizaliwa pwani utumwani, kwa hiyo asili ya bara ni ya mama yake au bibi yake. Majina kama Mabruki, Feruzi au Zafarani yalitolewa na mabwana, na jina la baba "Abdallah" huenda ni la desturi tu, kwa mtu ambaye baba yake hakujulikana. Ukoo ukibeba nisba ya Kiarabu, yaani jina la kabila au asili, inaweza kuwa ya damu, inaweza kuwa ya bwana aliyeacha huru. Karatasi moja haitoshi kuamua. Tafuteni mbili zilizoandikwa na watu tofauti kwa sababu tofauti.

Babu yangu alikwenda Burma na KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, hakurudi. Ndugu ya baba yake naye alipotelea kwenye Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita vya kwanza. Hatuna kaburi wala barua. — Msomaji, Machakos

Hao wawili wanatafutwa kwa njia tofauti kabisa, kaka.

Aliyekufa vita vya pili anaweza kupatikana leo hii kwa simu yako. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, ina orodha ya bure kwenye intaneti. Usijaze fomu yote. Andika jina moja tu, chagua vita vya pili, weka jeshi kuwa la Afrika Mashariki, kisha jaribu maumbo yote: Mutua, Mutwa, Mtua. Wengi waliandikwa jina moja na la baba. Sehemu ya maelezo ya ziada ndiyo ya kuisoma, maana mara nyingi inataja "mwana wa fulani", kijiji na wilaya. Usimfunge kwenye KAR pekee. Nyumbani kila askari aliitwa wa KAR, ilhali wengine walikuwa mizinga, uhandisi, udereva au tiba. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana bonde la Kabaw na kuvuka mto Chindwin mwishoni mwa 1944. Waliokosa kaburi huko wametajwa kwenye mnara wa Rangoon, makaburi ya Taukkyan. Kama hakufika Burma, fikiria meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ikazamishwa tarehe 12 Februari 1944 na mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Majina yao yako kwenye mnara ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong.

Kisha nenda Nyaraka za Taifa za Kenya, Moi Avenue, na uombe mafaili ya wilaya ya Machakos, ambayo namba zake huanza na DC/MKS. Sehemu ya mshahara wa askari ililipwa kwa mke au mzazi kupitia ofisi ya DC (mkuu wa wilaya), na malipo ya waliokufa yalipita huko huko. Wake waliokwenda kulalamika kwamba fedha hazijafika wameacha majina ya waume zao kwenye barua hizo.

Kwa mpagazi wa 1914 hadi 1918, tukwambie ukweli: huenda jina lake halikuchongwa popote. Sanamu za askari za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam hazina majina ya mtu mmoja mmoja. Ripoti ya kamati maalumu ya CWGC ya Aprili 2021 ilikiri kwamba angalau watu 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume hiyo imekuwa ikitafuta majina hayo, na familia inaweza kuwaandikia. Peleka jina, jina la baba, chifu wa wakati ule na jina la ukoo wa Kikamba. Hiyo ndiyo taarifa inayomtenganisha Mutua mmoja na mwingine.

Nina karatasi ya Kijerumani ya babu, lakini sehemu zilizotajwa sizipati kwenye ramani. — Msomaji, Mbeya

Neu-Langenburg ni Tukuyu. Bismarckburg ni Kasanga, Wilhelmstal ni Lushoto, Wiedhafen ni Manda. Majina ya watu yalifuata matamshi ya Kijerumani: *dsch* au *dj* ni j, *tsch* ni ch, *sch* ni sh, *j* ni y, na s mbili ni s ya kawaida. Hivyo Dschuma ni Juma, Bagamojo ni Bagamoyo, Kilossa ni Kilosa, Muansa ni Mwanza. Hati za mkono ziko kwa mwandiko wa kale ambao Mjerumani wa leo asiyefunzwa hausomi, kwa hiyo tafuta msomaji wa mwandiko huo, si mkalimani tu.

Mafaili ya utawala ya Kijerumani yako sehemu mbili: Nyaraka za Taifa Upanga, Dar es Salaam, na Bundesarchiv, Berlin, ambako yale ya wizara ya makoloni yana alama R 1001. Kama babu alikuwa askari wa Mjerumani, usitarajie faili lake binafsi. Nyaraka za jeshi ziliteketea Potsdam kwa mabomu mwezi Aprili 1945.

Nikifika kwenye chumba cha kusomea nyaraka niende na nini? — Msomaji, Dodoma

Kitambulisho, barua ya utambulisho, penseli (kalamu ya wino hairuhusiwi), na ukurasa mmoja wenye majina yote ya mtu wako na maumbo yake, wilaya kwa jina la zamani, na miaka. Piga simu kabla ya kwenda, uulize masharti ya kibali na ya kupiga picha, maana yanatofautiana kwa raia na mgeni, na Bara na Zanzibar.

Anza na orodha ya mafaili, si mafaili. Watu huomba "faili la babu yangu", na hakuna faili la namna hiyo. Kuna faili la mashauri ya machifu, la ugomvi wa ardhi, la shule ya wilaya, na babu yumo ukurasa wa 47. Upanga uliza pia vitabu vya wilaya vya Tanganyika, ambamo maofisa waliandika nasaba za watemi na majumbe. Nasaba hizo zilitolewa na upande uliokuwa madarakani, kwa hiyo upande ulioshindwa kiti mara nyingi umeachwa.

Kila unachonakili, andika namba kamili ya faili na ya ukurasa kabla ya maneno yenyewe. Piga picha jalada la faili kwanza, halafu ukurasa. Andika pia mafaili uliyoyasoma ukakosa kitu, na maumbo ya jina uliyotafuta humo. Mdogo wako akienda mwakani asiyafungue tena, au akiwa na umbo jipya la jina ajue pa kurudia.